Babu Hakukukasirikia

Nyumbani,
nyuma ya soko la nguo kuukuu.
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Na Mama Mdogo mpe shikamoo yake, umwambie namwombea afya kila siku kabla sijalala. Mnaendeleaje huko? Baridi imepungua? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye mashine? Sisi huku hatujambo. Mama bado yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, Baba kikohozi kimemwachia, Bibi mzima na ulimi wake mzima zaidi. Babu naye mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu nitakayokueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama mwanzo utakuudhi.

Kwanza poleni sana kwa mtoto. Kila nikifika kwenye neno hilo kalamu inakwama. Shuleni tumefundishwa kuandika rambirambi kwa lugha ya shule, sentensi zake zimepangwa tayari kama viti vya kukodi, lakini nilipozijaribu hazikufaa kwa mtu ninayemjua. Poleni. Sina jingine.

Barua uliyomwandikia Baba nimeisoma. Hakunipa yeye. Aliiacha juu ya kabati, akanikuta nayo, akaninyang'anya, halafu akakaa kidogo akanirudishia, akasema afadhali tuwe wawili tunaojua. Kwa hiyo nimesoma kwamba ulipiga simu dukani, mwenye duka akamwita Babu, ukamwambia mtoto amefariki siku aliyozaliwa, na yeye akacheka akakwambia, "Hongera sana mwanangu, Mungu akuzidishie," akakata simu. Nimesoma pia kwamba baba anayempongeza mwanawe msibani huna haja ya kukanyaga kwake tena, si mwisho wa mwaka huu wala mwaka mwingine wowote.

Baba Mdogo, Babu hakukukasirikia. Babu hasikii.

Hasikii kabisa, huu ni mwaka wa pili. Zile Jumapili zote ulizopiga simu tukakwambia amelala, hakuwa amelala. Tulipokwambia ametoka, alikuwa amekaa hapo hapo mezani kwake. Yeye ndiye aliyetukataza kusema, na Baba akakubali, na sisi wengine tukafuata. Alisema nani atampelekea redio fundi kiziwi. Utacheka ukimwona anavyofanya kazi: akimaliza kutengeneza redio anaweka vidole viwili juu ya spika, anafumba macho, anakwambia hii ni taarifa ya habari, hii ni muziki, hii inakwaruza, bado. Hakosei. Wateja wakija, Bibi anakaa pembeni anarudia maneno yao kama anawagombeza: "Unasema inazima yenyewe? Haya, mwenyewe huyo hapo, anasema inazima yenyewe!" Babu anamtazama Bibi mdomo, anajibu mteja. Watu walidhani ni wazee tu wanaopenda kelele.

Ila mdomo wa mtu hauonekani kwenye simu. Siku ile ulipopiga Baba hakuwepo, na mwenye duka hakujua siri yetu, akamkabidhi Babu simu. Babu alijua mwezi huo ndio wa mtoto. Njia nzima kwenda dukani alikuwa anayapanga maneno ya kukupongeza, akayasema, akaogopa usije ukamuuliza kitu, akakata. Alirudi anacheka, akatuambia mtoto kazaliwa salama. Bibi alitangaza nyumba kwa nyumba. Mimi pia nilifurahi, Baba Mdogo. Naona aibu kukwambia, lakini tulifurahi sana siku hiyo.

Sasa nikueleze kitu ambacho kinanichoma zaidi, kwa sababu haya yote yangeweza yasitokee.

Miezi kadhaa kabla ya simu yako, Idara ya Ustawi wa Jamii ilikuwa inagawa vifaa vya kusikilizia, vile vidogo vya kuvaa sikioni, bure, kwa wazee wasiosikia. Waliwatangazia wazee hao kwa gari la vipaza sauti.

Sitii chumvi. Gari lilipita mtaani kwetu wiki nzima, muziki juu, vijana wanacheza nyuma, na mtu anapiga makelele kwamba wasiosikia wafike ofisini wapimwe. Mimi nilifunga dirisha. Mama alikuwa amelala baada ya zamu, na mimi nilikuwa na mtihani. Zaidi ya hapo, gari lile tulishalizoea. Liliwahi kuja kuandikisha wazee, likaja kuandikisha wajane, na walioandikwa hawakuitwa hata siku moja, kwa hiyo mtaa mzima likipita watu wanafunga madirisha kama mvua inakuja. Sikusikiliza hata neno moja.

Babu alikuwa nje mezani kwake. Gari lilipita mbele yake, vijana wakampungia mkono naye akawapungia, wakamrushia fulana. Aliifanya kitambaa cha kufutia redio.

Baada ya simu yako, alianza kusema anataka kumsikia mjukuu wake akilia. Alisema kila siku. Ndipo siku moja nikiwa nakusanya nguo za kufua nikaiona ile fulana, imejaa vumbi na mafuta, na mgongoni ina maandishi kwa lugha ya shule: vifaa vya kusikilizia bure, fika ofisini, mwisho tarehe fulani. Tarehe ilikuwa imepita zamani. Ilikuwa imekaa kwenye meza ya Babu miezi yote hiyo, na nyumba nzima mimi peke yangu ndiye ninayeweza kuisoma.

Tulikwenda ofisini, mimi na yeye. Karani alikuwa na haraka, akasema zoezi limefungwa, ila Idara itakuja kuwaeleza wananchi jinsi fedha zilivyotumika, tuje tuulize huko. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule yetu. Fikiria, mbele ya wanafunzi wenzangu. Unanijua, wewe ndiye uliyenipa jina la Kimya, mimi hata kujibu mahudhurio darasani natoa sauti ya panya.

Afisa aliyekuja ni mama mmoja wa makamo, nadhifu, si mtu mbaya. Alieleza kwa lugha ya shule, huku kipaza sauti kimemziba mdomo, kwa hiyo Babu hakupata chochote. Ikabidi nimgeukie nimfasirie kwa midomo tu, bila sauti. Afisa alisema fungu la matangazo limetumika lote: gari, mafuta, muziki, fulana. Fungu la vifaa limetumika chini ya nusu, kwa sababu waliojitokeza ni wachache, hivyo imeonekana mtaa wetu hauna viziwi wengi, na fedha zilizobaki zimerudishwa hazina.

Ukumbi ukapiga makofi. Watu hawajawahi kusikia fedha za serikali zinarudishwa, walifurahi kweli. Babu alipoona wenzake wanapiga makofi naye akapiga. Alipiga kwa nguvu, Baba Mdogo, akanitabasamia, halafu akaniuliza kwa sauti ya kiziwi ambayo haijui ukubwa wake, "Kasema nini?"

Watu wakacheka. Afisa akanitazama, akaniambia kwa upole kama nina swali nisimame niulize. Nilikuwa na maneno yote. Nilijua kwa lugha yake na kwa lugha yetu. Nikatikisa kichwa, nikainama kama natafuta kiatu. Nina lugha mbili na siku ile sikutumia hata moja.

Nilipoinuka Babu alikuwa bado ananisubiri, ikabidi nimwambie kwa midomo kile alichokipigia makofi. Alinitazama mpaka nikamaliza. Halafu akasimama yeye.

"Mama," alisema, "mmeandika hapa hakuna viziwi. Mimi ni kiziwi. Gari lenu nililiona. Nililipungia mkono."

Kijana wa mitambo akazima muziki uliokuwa unapigwa chini chini. Babu akaendelea, akasema amepata mjukuu mbali, anataka kumsikia. Nusu ya watu waliokuwa ukumbini ni wateja wake. Ile siri tuliyoificha mpaka kwako, aliitoa mwenyewe hadharani, kwa sababu mimi nilishindwa kuuliza swali moja ambalo lingeweza kuulizwa bila kumtaja.

Afisa aliweka kipaza sauti mezani akaja mpaka alipokuwa Babu, akasema kwa lugha yetu, taratibu, mdomo wazi, "Nisamehe mzee. Hatukufikiria." Babu akamwelewa bila mimi. Kisha afisa akanivuta pembeni akanieleza yaliyobaki, na uso ulikuwa umemshuka. Fedha zikisharudi hazitoki tena. Mwaka ujao fungu la vifaa limepunguzwa, maana mahitaji yalionekana madogo. Fungu la matangazo limebaki vile vile, maana lilitumika lote. Alisema ndivyo hesabu zao zinavyokwenda, fungu lisilotumika linakatwa. Alimwandika Babu wa kwanza kwa mwakani, kama chochote kitapatikana. Nadhani alisema kweli. Nadhani pia hakuwa na uhakika.

Siku zilizofuata wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua redio zao. Wengine walitoa visingizio, kwamba wanahama, kwamba redio ni ya shemeji. Kinyozi wa jirani ndiye pekee aliyesema ukweli. Alisimama mbele ya Babu, akamwambia, "Kwa hiyo mzee, siku zote hizi ukiniambia redio yangu inaimba vizuri, ulikuwa unaniambia kwa imani tu?" Babu akamjibu, "Na wewe ukiniambia nimenyoleka vizuri, mimi nakuamini, maana kisogo changu sikioni." Walicheka wote wawili. Lakini redio alienda nayo.

Babu hakulalamika. Alikuwa akisema haidhuru, mwakani atamsikia mjukuu, kwanza hata hivyo mtoto wa mwaka mmoja ndiye anayeanza kusema maneno ya maana.

Halafu ndipo barua yako ikafika.

Mama na Bibi nao ikabidi wajue. Baba alisema tusimwambie Babu. Mama akasema tumwambie polepole. Bibi alilia, kisha akasema yeye hawezi, maana ndiye aliyekwenda kuwatangazia majirani. Nilikaa nikiwaza tutaendelea kumdanganya mpaka lini, na kesho ukipiga simu tutakwambia tena amelala? Asubuhi ya leo nikapiga moyo konde, nikaenda nikakaa mbele ya meza yake, mahali wanapokaa wateja. Sikuandika, kwa sababu niliona kumwandikia ni kukimbia. Nilimwambia kwa mdomo, mara moja. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliponiomba mara ya tatu nilijua ameshaelewa, ila nilirudia vile vile.

Alikunja mikono. Kisha akaniuliza kama alicheka kwenye simu. Nikamwambia umeandika alicheka. Akaniambia niende nikachukue karatasi.

Naandika alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza:

"Mwambie sikusikia. Mwambie nilikuwa nimeshika simu kama mjinga, naona aibu kusema sisikii, nikampongeza mwanangu msibani. Anisamehe, na mkewe anisamehe. Simwambii aje kwa ajili yangu. Lakini akija, akae pale penye mwanga, aniambie upya tangu mwanzo, nikimtazama. Na umuulize mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, maana mpaka leo sijui nimlilie nani."

Ndivyo alivyosema. Sasa hivi yuko ndani, amelala, na safari hii ni kweli.

Baba Mdogo, sina haki ya kukuomba uje. Nakuomba tu umjibu swali lake, hata kwa mstari mmoja, uandike kwa jina lake na si la Baba, tusiwe tena watu wa katikati. Mimi nitampa barua mkononi bila kuifungua.

Baba na Mama wanawasalimu. Bibi anamsalimu Mama Mdogo hasa, anasema asinyanyue vitu vizito na asijifungie ndani peke yake. Mdogo wangu wa mwisho anakuuliza kama kuna theluji. Msalimie na yule jirani yenu fundi seremala aliyewasaidia kwenye mazishi. Tumeona ulivyomwandika, tunamshukuru bila kumjua. Mungu awafute machozi, ampumzishe mtoto wetu, na aulainishe moyo wako kwa wakati anaoujua Yeye.

Mimi binti ya kaka yako, ninayekupenda hata kama siku zote nashindwa kulisema,

Kimya wako.