Mfano Nilioandika Ubaoni

Mwenzangu, uko? Leo nimejiaibisha, sijui uso niuweke wapi.

Si unajua lile darasa langu la Kiingereza la watu wazima? Nilikuwa nafundisha "put up with". Nikawaeleza ni kumvumilia mtu au jambo linalokukera, kwa sababu huna namna. Mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, akatoa mfano wa muziki wa jirani yake. Safi kabisa.

Mwingine, dereva, akauliza, "Mwalimu, hata kwa mtu wa nyumbani inafaa?"

Nimesimama tangu asubuhi, miguu inawaka moto, akili imeshalala. Nikageuka, nikaandika: "I put up with my husband."

Yaani, namvumilia mume wangu. Ubaoni! Kwa mkono wangu!

Wote wakainama, wakanakili. Na wifi yangu yumo! Dada wa mume wangu, niliyembembeleza mwenyewe aje kusoma. Kanakili taratibu, kapigia na mstari.

Wenzake walipotoka akabaki, akachukua dasta, akafuta ubao. Nikaanza kujitetea, eti ulikuwa mfano tu. Akanikatiza: "Usihangaike, wifi, simwambii. Kaka yangu hata sisi tulimvumilia sana, tunamjua. Ila ulipokuja wewe tulishukuru. Tukasema, huyu anampenda."

Huyu anampenda.

Sasa niko nyumbani, nimechoka mpaka roho. Mume wangu mwenyewe kaniona nachechemea, kaniletea beseni la maji ya uvuguvugu niloweke miguu. Kakaa hapa chini, ananiuliza leo nimefundisha nini.