Udongo wa Karashani

Jumatatu, 3 Machi

Natwanga mwarobaini tangu alfajiri. Mkono umekufa ganzi. Baadaye mshubiri, manjano, asali kijiko kimoja. Hakuna kinyozi mwingine kutoka hapa machimboni hadi Geita mjini anayekunyoa ndevu halafu akakupaka uso dawa aliyoitwanga mwenyewe. Nimenyoa Mwadui. Nimenyoa Kahama. Nimenyoa Lubumbashi, watu wenye meno ya dhahabu. Shule niliishia darasa la tano, lakini uso wa mtu nausoma kuliko mwalimu mkuu.

Uso mmoja tu umenishinda. Wa mke wangu.

Kabula ana mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza ziliharibika. Hii imekaa, ila imemletea madoa meusi mashavuni na kwenye paji, kama aliyepakwa masizi ya chungu. Nesi wa kliniki kasema ni homoni, na mawazo yanazidisha. Akijifungua yatapungua yenyewe, asubiri. Kabula hataki kusubiri. Kioo kakigeuzia ukutani. Sokoni haendi tena, tangu yule mama muuza dagaa alipomwambia, "Mtoto anakukataa, ndiyo maana anakuchafua."

Nilitaka niende nikazimwage dagaa zake zote. Kabula akanishika shati.

Mtu aliyepoteza wawili, neno kama hilo halimtoki.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa haishiki. Inateleza, inadondokea kwenye kanga. Lubumbashi nilisuguana na wataalamu, wao walichanganya na udongo mweupe. Hapa huo hakuna.

Mchana nilikuwa kwa rafiki yangu Masanja, mwenye karasha. Mashine inasaga mawe ya dhahabu mpaka unga, vijana wanaosha, tope linatuama kwenye bwawa. Likikauka, udongo wa juu ni laini kuliko poda ya mtoto. Nikaushika. Akili ikawaka. Nikajaza ndoo.

Masanja alicheka hadi akakaa chini. "Fundi, hayo ni marudio! Dhahabu tumeshaitoa."

"Mmeiacha ya usoni," nikamwambia.

Neno zuri hilo. Nimeliandika lisipotee.

Jumapili, 16 Machi

Mimi ni mtu hatari.

Siku kumi tu. Madoa yanakimbia. Shavu la kushoto limebaki kivuli, la kulia safi kabisa. Kila jioni namlaza Kabula kichwa mapajani, nampaka, namwimbia nyimbo za ngoma za kwao, naziharibu makusudi ili acheke. Anacheka mpaka udongo unapasuka.

Leo kavaa gauni la kanisani. Baada ya ibada kapita sokoni kwa yule mama, kanunua dagaa, kasimama pale muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nimesimuliwa. Nilikaribia kulia, mimi na ukubwa huu.

Mamantilie wote wanautaka udongo. Nawagawia bure. Mtu ukiwa na kipaji usiwe mchoyo.

Jumatano, 9 Aprili

Foleni hadi nje. Wachimbaji, wake zao, hata mchungaji kaja kwa mlango wa nyuma. Uso wa Kabula ni sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

Kichwa kinamuuma. Chakula anasema kina ladha ya sarafu. Nimemwambia mtoto ni tajiri, ameanza kulamba hela tumboni.

Hakucheka sana.

Jumamosi, 26 Aprili

Alikuwa anachambua mchele. Vidole vikawa vinacheza. Ungo ukacheza, mchele ukamwagika wote chini. Akaukusanya, ukamwagika tena. Akakaa akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Nikasema ni mawazo tu, mama. Nikamwongezea dawa mara mbili ili atulie.

Mara mbili. Mimi mwenyewe.

Jumatatu, 28 Aprili

Kliniki. Nesi aliona mikono. Akamuuliza Kabula anakunywa nini, anakula nini, anapaka nini. Kabula akajibu kwa maringo, "Napaka dawa ya mume wangu. Ya asili tupu, haina kemikali."

Nesi akaomba aione. Nikakimbia nyumbani kuleta kopo. Nilikimbia kwa furaha, nikidhani anataka kunisifu.

Akalinusa. Akauliza udongo nimeutoa wapi. Nikamwambia. Akaweka kopo mezani, akalifunika, akanawa mikono. Ndipo akasema. Taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba.

"Baba, pale si ndipo wanapokamatia dhahabu kwa zebaki?"

Ndipo.

Na nilijua. Hilo ndilo linaloniua. Nilipokuwa kijana niliichezea mwenyewe zebaki, naisugua na mchanga kwenye karai kwa viganja vitupu, yale maji ya fedha yanayokimbia kama yana roho. Kila mtu hapa anajua inaenda wapi ikimaliza kazi. Inaenda bwawani. Nilijua bwawa. Nilijua zebaki. Kichwa changu kikubwa hakikuviweka pamoja, kwa sababu udongo ulikuwa laini na nilikuwa natafuta laini.

Nesi kasema hiyo hiyo zebaki ndiyo inayong'arisha uso. Inaua rangi. Halafu inazama ndani, na ikifika kwa mama inaweza kuvuka hadi kwa mtoto.

Mkojo wa Kabula umepelekwa Mwanza kupimwa.

Ijumaa, 2 Mei

Siku nne napita nyumba kwa nyumba. Acheni ule udongo. Una sumu. Niliwapa sumu. Nendeni zahanati.

Wengine wamelia. Mume mmoja kanikunja shati, nikamwacha anikunje. Lakini wengi hawaamini. Mama muuza dagaa, naye alikuwa anapaka, kaniambia, "Fundi, sema tu umeanza kuona haya kugawa bure." Wakacheka. Wamenizoea kwa utani. Miaka yote nimewafundisha wasiniamini, na leo ndiyo siku niliyohitaji kuaminiwa.

Mchungaji kanifungia mlango wake wa nyuma.

Nimefunga saluni. Ndoo iko uani, imefunikwa, jiwe juu. Nesi kasema nisiimwage popote, bwana afya atakuja kuichukua. Naiona kila nikitoka.

Jumanne, 20 Mei

Majibu yamerudi. Zebaki ipo. Nyingi.

Daktari kasema kuacha kupaka ndiyo dawa ya kwanza. Mikono ya Kabula itatulia polepole. Kuhusu mtoto kasema tusubiri. Nikamuuliza tusubiri nini. Akasema tusubiri tu.

Kabula hajanigombeza. Ningependa anigombeze. Jana alisema neno moja tu, akiwa amenipa mgongo.

"Ulikuwa unaniimbia."



Ijumaa, 27 Juni

Mtoto wa kike. Mdogo. Analia kama paka aliye mbali.

Yuko hai. Naandika tena. Yuko hai.

Daktari kamshika miguu, kamwashia tochi machoni. Nimemwomba aniambie kitu kimoja cha hakika, hata kibaya. Hana. Tutajua akifika wakati wa kukaa, akifika wakati wa kutembea, akifika wakati wa kusema. Miaka.

Nilijificha nyuma ya choo cha wodi nikajipiga kichwa ukutani. Mwanamume mmoja akaja, akanisimamisha, akaniuliza kama nimefiwa. 

Jumapili, 6 Julai

Tuko nyumbani. Mama mkwe kaja na kibuyu cha samli ya kumpaka mtoto, ng'ombe wake mwenyewe, maziwa kayasuka mwenyewe. Nikamwamkia kwa mbali, kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Kaitikia chini chini. Amekwishaambiwa.

Majirani wamepita wote. Kila aliyeingia kamsifia Kabula uso. Umetakata kweli. Mimi siwezi kuutazama.

Walipoondoka alimvua mtoto nguo, akamlaza juu ya kanga. Mikono yake bado inatetemeka kidogo, mwiko wa samli ukawa unamgonga mtoto. Mama mkwe akanyoosha mkono aupokee. Kabula hakumpa. Alinielekezea mimi.

"Mpake wewe, baba."

Mama mkwe akatazama mlango.

Nilinawa kwa sabuni. Nikanawa tena. Nikanawa mara ya tatu, nikanusa viganja. Samli ilikuwa ya uvuguvugu. Nilianzia miguuni, ili niwe na nafasi ya kuacha. Mtoto akakunja kidole kimoja cha mguu. Nikapanda hadi tumboni, mabegani.

Usoni sikumpaka.

Kabula alisubiri. Alisubiri kitu kingine pia, nilijua ni nini. Sikuimba.