Mafaili Yasiyo na Majina

4 Mei

Kwa wifi yangu Fundi,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepoa? Huku tu wazima wa afya. Kaka yako amekonda kidogo kwa kuchomelea mageti juani, ila mdomo wake haujakonda hata chembe. Watoto wanakusalimu na wanauliza shangazi anarudi lini.

Nakuandikia kirefu kwa sababu tukipigiana simu mazungumzo hukatika kabla hatujamaliza kuulizana hali, na shida yangu ya leo haiwezi kuenea kwenye "haloo, haloo, unanisikia?"

Laptopu yangu imegoma kuwaka. Jana nilibonyeza, taa ndogo ikawaka, feni ikavuma kama kawaida yake, lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Nikazima, nikawasha tena. Nikaibembeleza. Kaka yako akaichapa kofi la mgongo, akasema vyuma vyote huelewa lugha hiyo. Hiki hakikuelewa.

Si laptopu ninayoililia, wifi. Unalijua darasa langu la watoto viziwi. Kila mwaka wanaingia kwenye mtihani wa mwisho, wanakutana na maswali marefu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza kwa mikono, wanatoka vichwa chini. Watu wanasema hawana akili. Ndiyo maana tumekaa miaka yote hii tukikubaliana ishara za masomo: mvuke, mzizi, robo, umeme, mpaka neno la mwisho kitabuni. Kila ishara tumeirekodi video, mtoto mmoja anaionyesha, halafu mimi nalipatia faili jina la neno lenyewe.

Sasa bodi ya mitihani imekubali kuja tarehe 27. Wakiridhika, wanafunzi wangu wataulizwa maswali kwa lugha ya alama. Mwenyekiti ameniandikia bila kuzunguka: wanataka kuhakikisha ishara hizi ni lugha ya darasa zima, si vitu ambavyo mwalimu amejitungia mwenyewe.

Na video zote zimo humo ndani. Kwenye simu nilikuwa nazifuta kila ilipojaa. Flashi niliyokuwa nimewekea nakala, mwalimu mkuu aliiazima akaijaza picha za harusi ya binti yake.

Kesho asubuhi naipeleka kwa Fundi wa Stendi. Amesema ataiwekea mfumo mpya na nitaichukua siku hiyohiyo. Niombee.

Wifi yako,
Mwalimu

5 Mei

Wifi!

Salamu nitakupa nikishapumua. USIIPELEKE. Kama umeshaipeleka, vaa chochote kilicho karibu, kimbia, ukaichukue. Kuweka mfumo mpya ni kufuta kila kitu kilichomo. Mwambie asiguse. Mkalie mlangoni ikibidi.

Wifi yako,
Fundi

5 Mei, jioni

Wifi yangu,

Sina nguvu hata ya kuuliza hali yako, nisamehe.

Ujumbe wako niliusoma mchana, maana darasani simu huwa naizima. Nilikimbia na ndara za nyumbani, chaki bado mkononi. Nikamkuta Fundi wa Stendi anatabasamu. "Mwalimu, njoo uone mambo!" Ilikuwa inawaka. Skrini safi, inang'aa kama sahani iliyooshwa. Nikafungua folda ya darasa. Hakuna folda. Nikatafuta neno moja tu, "mvuke". Hakuna kitu.

Nikamuuliza, "Vitu vyangu viko wapi?" Tabasamu likamtoka taratibu. "Mwalimu, si ulisema unataka iwake?"

Wifi, ni kweli nilisema hivyo. Nilikaa kwenye benchi la wateja, watu wakanipita wakija kununua vioo vya simu. Nilipoibeba kurudi nyumbani nikaiwasha tena, nadhani nilitaka tu kuhakikisha msiba wangu, na hapo ikakataa kabisa. Taa, feni, giza. Kwa hiyo sasa haina kitu na haiwaki vilevile.

Kesho nitawaambia nini watoto?

Mwalimu

6 Mei

Wifi yangu kipenzi,

Shikamoo ya kaka yangu uifikishe, na wewe pole, pole sana. Kifua changu kimepona. Sasa kaa chini, kunywa maji, nisikilize.

Usiwaambie watoto chochote kwanza.

Ubao wako wa darasani ukifutwa haraka na kitambaa kikavu, si maandishi ya chini bado husomeka kwa mbali? Hayapotei mpaka mtu aandike juu yake. Diski ya laptopu yako ni ya mtindo huo. Alichofanya yule bwana ni kufuta orodha inayoonyesha kipi kiko wapi, akaandika mfumo mpya kwenye sehemu ndogo tu ya diski. Penye maandishi mapya, pamekwenda. Kwingine kote, video zako zimekaa kimya zinasubiri mtu azitafute. Kwa hiyo kuanzia sasa usiweke kitu humo, usiwashe mfumo ule, kaka asiipige kofi.

Kwanza tuifanye iwake. Nadhani ni kumbukumbu tu, kile kibao chembamba kinacholegea kwenye nafasi yake, na alivyoifungua na kuifunga kwa haraka kimelegea tena. Chomoa chaja. Igeuze, fungua skurubu za mgongoni, uziweke kwenye kisosi kwa mpangilio uliozitoa. Toa betri. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, kiendelee kubonyezwa mpaka uhesabu taratibu kama unahesabia watoto wa chekechea kujificha. Utaona kibao chenye ukingo wa rangi ya dhahabu, kimebanwa na vishikizo viwili. Vipanue, kitainuka chenyewe. Chukua raba ya kufutia penseli, iliyo safi, sugua ule ukingo polepole. Pangusa. Kirudishe mpaka kilie "ta!" Usiogope. Aliyefunga mashine hiyo alikuwa mtu kama wewe.

Halafu mfuate yuleyule Fundi wa Stendi. Ndiyo, yuleyule. Mwambie akutengenezee flashi yenye mfumo unaowaka wenyewe bila kugusa diski, na akuazime diski ya nje ya kupokelea video. Anajua, ni kazi yake. Ikiwaka kwa flashi hiyo na kupata intaneti, nitaingia kutoka huku na kuanza kutafuta.

Wifi yako,
Fundi

9 Mei

Wifi yangu wa ubavuni,

Habari za huko? Wewe ukinieleza hujambo nami nitakueleza IMEWAKA! Imewaka, wifi! Imewaka!

Ngoja nianze mwanzo. Nilifagia meza ya kulia, nikatandika shuka jeupe kama mkunga. Kaka yako alisimama nyuma yangu na bisibisi lake la kufungulia injini za lori. Nikamtuma nje akatafute raba. Nilifungua, nikaziweka skurubu kwenye kisosi. Nilipokiona hicho kibao, nikasema kumbe ni wewe, mdogo hivi, ndiye unayenikosesha usingizi? Nikasugua. Raba ikatoka na weusi. Nikakirudisha, kikalia "ta!" kama ulivyosema. Nikabonyeza.

Skrini ikawaka.

Nilipiga kelele, jirani akaja na mwiko akidhani tumevamiwa. Kaka yako anatangaza mtaani kwamba mkewe sasa ni fundi wa kompyuta, na yeye ndiye aliyeleta raba.

Halafu nikaizima upesi kabla mfumo ule haujaingia, nikaenda stendi. Fundi wa Stendi nilimkuta na uso wa mtu anayetarajia matusi. Nikamweleza ulichotaka. Akafunga duka, wifi, akafunga duka mchana kweupe, akaja nyumbani na flashi na diski yake mwenyewe. Ikawaka kwa ile flashi. Akaniuliza, "Mwalimu, una waifai?" Nami kwa haraka yangu nikasikia vingine, nikamjibu, "Wifi ninaye, ila yuko mbali, ndiye tunayemsubiri aingie." Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tukatumia intaneti ya simu yake.

Na ulipoingia, kile kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye skrini. Kaka yako alirudi kinyumenyume mpaka ukutani. "Ni dada yangu huyo?" Nikamwambia ndiyo. Akakipungia mkono.

Imekaa wazi mezani, hatuigusi kama ulivyoagiza. Niambie unaona nini.

Wifi yako,
Mwalimu (na Fundi mdogo)

13 Mei

Wifi yangu, fundi mwenzangu,

Nimefurahi mpaka wenzangu hapa karakana wameniuliza kama nimeposwa. Kazi uliyofanya, kuna watu huku wameisomea na bado wanavunja vishikizo.

Sasa habari yenyewe. Zimerudi. Si zote, nyingi mno. Nimeziona zikija moja moja, watoto wako wakitokea mmoja baada ya mwingine, sare na mikono hewani. Nilishindwa kuendelea na kazi nyingine, nikawa natazama tu. Zote ziko kwenye diski ya nje, na nakala nimebaki nayo huku.

Lakini kuna jambo, na nakuambia sasa ili usilione ghafla. Majina hayakurudi. Yalikuwa kwenye ile orodha iliyofutwa. Video inayosema "mvuke" sasa inaitwa kwa namba ndefu isiyo na maana, na hazina mpangilio. Chache zimekatika katikati. Ningekusaidia kuzipa majina, ila mimi nikitazama naona mtoto mzuri anapunga mikono, basi. Hapo ndipo ufundi wangu unapoishia.

Zimebaki siku chache. Utaweza?

Wifi yako,
Fundi

22 Mei

Wifi,

Hamjambo? Uko kimya. Kaka naye nikimpigia anasema "yuko shuleni" halafu anakata kama mtu mwenye siri. Nisaidie nipunguze kuwaza.

Fundi

28 Mei

Wifi yangu wa dhahabu,

Salamu zangu zikukute mzima, umekula, na umekaa. Nisamehe kwa kimya. Sikuwa na mkono wa kushika simu. Nitakueleza kwa nini.

Nilianza kuzipa majina peke yangu na nikaona sitafika popote. Ndipo nikaibeba laptopu darasani na kuwaambia watoto ukweli wote. Nilitegemea watalia. Yule binti tunayemwita Kiranja, kwa jinsi anavyopenda kuwapanga wenzake, akaniuliza kwa mikono, "Kwa hiyo zipo, ila hazijui zinaitwaje?" Nikasema ndiyo. Akawageukia wenzake: "Haya, kaeni."

Tangu hapo ilikuwa kila kipindi cha mwisho. Video inaonyeshwa, mmoja anaandika jina, wenzake wanakagua. Walibishana, walichekana walivyokuwa wadogo kwenye video za mwanzo, wakarekodi upya zile zilizopotea. Lakini bodi ilipofika jana, nusu nzima ilikuwa bado namba.

Walikuja watu wanne. Mwenyekiti ni mama mrefu, sauti ya chini. Akafungua folda, akashuka na kishale, akashuka, akashuka. "Mwalimu, niliambiwa nitaona kamusi. Hizi ni namba."

Wifi, nikasogea mezani. Nikamweleza yaliyotokea. Bwana mmoja mwenye mkoba akaanza kufunga mkoba wake. Sijui nilitoa wapi maneno, nikasema, "Mama, chagua namba yoyote. Wewe mwenyewe. Hata mimi sijui kuna nini ndani."

Akanitazama. Akamtazama yule bwana, naye mkono wake ukasimama juu ya zipu.

Wakawatenganisha watoto, kila mmoja na karatasi yake, wengine wakageuziwa madawati wasionane. Akachagua. Video ikacheza, kimya kama zilivyo zote. Wakaandika. Mwenyekiti akapita akikusanya, akazipanga mezani. *Mvuke. Mvuke. Mvuke.* Mpaka ya mwisho.

Akachagua nyingine. *Robo*, zote. Bwana wa mkoba akasema, "Ngoja nichague mimi," akachagua ya chini kabisa. Mtoto kwenye video akaanza ishara, picha ikakatika. Ilikuwa moja ya zile zilizovunjika. Nikajua tumekwisha, maana hiyo niliitambua: ni "mzizi", na mzizi huanza kama mti, kisha mkono unashuka ardhini. Ule mkono unaoshuka haukuwepo.

Karatasi zikaja. *Mti. Mti. Mti.* Zote. Kiranja peke yake aliongeza chini: "Mkono ukishuka ni mzizi. Imekatwa."

Nikamweleza mwenyekiti maana yake. Alikaa. Akazisoma tena zile karatasi, akamgeukia mwenzake, "Unaona? Hata kilichovunjika wanakisoma sawa. Hii mwalimu hawezi kuwafundisha kwa siku moja."

Wakatoka nje, wakasimama kivulini kando ya tangi la maji. Watoto walibanana dirishani wakijaribu kusoma midomo yao. Nilijaribu kuwakemea, ila na mimi nilikuwa nimechungulia.

Waliporudi, mwenyekiti alifungua mdomo kuniambia mimi, halafu akasita. Akauliza, "'Mmekubaliwa' inasemwaje?"

Kiranja akaenda mbele, akavishika vidole vya yule mama na kuvipanga kimoja kimoja, kama anavyowapanga wenzake mstarini. Mama akajaribu. Darasa likaanguka kwa kicheko, maana alikuwa amewaambia "mmechemshwa". Naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Kiranja akamrekebisha, kidole gumba ndani, mkono juu. Akajaribu tena, polepole, kwa mikono yake mwenyewe, akiwatazama wao na si mimi.

Mikono yote ikapanda hewani, ikawa inatetemeka kama majani, ndivyo wanavyoshangilia. Hakuna sauti iliyosikika chumbani, na sijawahi kusikia kelele kubwa kama ile.

Wifi yako,
Mwalimu