Milima Nyuma ya Samaki

Jumatatu, 3 Juni

Nimebadilisha maji ya tangi la samaki, kama kila Jumatatu. Maji machafu nimeyamwaga kwenye migomba. Samaki wote wazima. Mke wangu, Mama Rhobi, aliketi kwenye kiti chake, uso karibu na kioo, akauliza kama wamekufa. Nikamwambia wako mbele yake.

"Naona mwanga tu," akasema.

Kosa ni la dirisha. Tangi liko mbele ya dirisha la mashariki na kioo chake cha nyuma ni kitupu. Jua likipita humo, samaki humezwa na mwanga. Mimi nawaona. Yeye ana presha ya macho. Anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na tundu linazidi kuwa dogo. Daktari alisema wazi: kilichopotea hakirudi, matone yanalinda kilichobaki, nacho si kingi.

Kulihamisha tangi haiwezekani. Soketi ya pampu ya hewa iko hapo tu. Nitapaka rangi kioo cha nyuma. Kwa upande wa nje, maana rangi ya mafuta ikikaa ndani ya maji itaua samaki.

Jumanne, 4 Juni

Binti yetu Rhobi amekuja kutoka Sirari, alikoolewa, na mfuko wa makopo ya rangi. Akasema, "Baba, piga black tu, iko sawa." Nikamwambia kwamba katika nyumba hii rangi hupakwa, na jina lake ni nyeusi. Akacheka. Sikucheka.

Mama yake alisikia. "Nyeusi nitaipata bure. Msijisumbue kunipakia."

Nililirudisha kopo la nyeusi mfukoni. Kisha nikamuuliza anataka nini.

"Milima ya kwetu."

Kwao ni upande wa Nata. Naijua milima hiyo. Nilifundisha huko nikiwa kijana, na kila asubuhi niliiona kutoka mlango wa shule: mmoja wenye ncha, kushoto; mwingine mrefu, umelala kama ng'ombe anayecheua, kulia. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa chini ya ule mrefu. Hajarudi huko tangu mazishi ya mama yake, na sasa anasema safari haina maana, hataona hata mwisho wa ua.

Basi milima ije hapa Nyarero. Tatizo ni kwamba maishani mwangu sijachora kitu isipokuwa ramani ubaoni.

Alhamisi, 6 Juni

Samaki wako kwenye beseni la kufulia, na pampu yao. Tangi liko mezani, uani. Nilisafisha kioo kwa siki, nikabandika utepe pembezoni. Nilianza na anga, bluu, kioo chote. Ilipokauka nikaweka milima. Kisha nyasi na miti. Kilicho mbali kwanza, kilicho karibu juu yake. Ndivyo nilivyofundishwa. Kazi safi. Nilijivuna.

Nikazunguka mbele. Bluu tupu. Hakuna hata mlima mmoja.

Nilielewa papo hapo. Anayetazama kupitia kioo huona rangi iliyotangulia. Yote yanayofuata hujificha nyuma yake. Mimi, niliyewaambia watoto wa watu miaka yote wafikiri kabla ya kuanza.

Rhobi alicheka hadi akakaa chini. "Mama, njoo! Milima imeona haya, imejificha nyuma ya mawingu!"

Nilimkaripia mbele ya mama yake. Haikustahili. Nina hasira na mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Wembe na tina ya kuyeyushia rangi, kutwa nzima. Nimekwangua anga lote. Vidole vinaniuma.

Mchana umeme ulikatika. Pampu ikanyamaza. Samaki walipanda juu ya maji wakihema. Mama Rhobi akaketi sakafuni kando ya beseni, akachukua kata, akawa anachota maji na kuyamimina tena, taratibu, macho ameyafumba, kama mtu anayebembeleza mtoto. Alifanya hivyo mpaka umeme uliporudi. Hata hivyo mmoja amekufa, yule mkubwa mwekundu. Alimgusa kwa kata akasema, "Huyu hakwepi."

Asubuhi alikuwa ameweka kikombe pembeni mwa meza. Kikaanguka. Alisema meza iliishia mapema leo.

Naogopa. Naandika kama lilivyo. Naogopa kumaliza kazi hii baada ya macho yake kumaliza yao.

Jumamosi, 8 Juni

Safari hii nimeanza na kilicho karibu. Nyasi. Miti miwili. Kisha milima juu ya miti. Kisha anga juu ya vyote.

Kazi ya ajabu. Ni kama kuota ndoto kuanzia mwisho. Nikiwa nyuma ya kioo niliona kila kitu kikifunikwa: miti ikamezwa na milima, milima ikamezwa na anga, mwishowe ukuta wa bluu. Unapaswa kuamini kwamba nchi bado ipo huko chini. Kwa kitambo kidogo kulikuwa na ukungu wa asubuhi, na nilikuwa kijana mlangoni mwa shule, na msichana alipita na ndoo. Nilisimama na brashi mkononi mpaka rangi ikadondokea kiatu.

Sikwenda kuchungulia mbele hata mara moja. Si kwa subira. Ni kwa woga.

Jumatatu, 10 Juni

Rangi imekauka. Tumerudisha tangi mahali pake, maji yaliyolala ndooni, pampu, samaki. Nikazunguka mbele.

Mlima wenye ncha uko kulia. Mrefu uko kushoto.

Niliuweka wenye ncha kushoto, kama ulivyokuwa. Lakini ni kushoto kwangu mimi niliyesimama nyuma. Nchi nzima imegeuka. Nilimwambia Rhobi alete wembe.

"Subiri," alisema Mama Rhobi.

Alikuwa ameshaketi. Alisogeza kichwa polepole, kama afanyavyo sasa, akiokota picha kipande kwa kipande kupitia tundu lake. Yule mwekundu mdogo aliyebaki alipita juu ya mlima mrefu, bila haraka, kama kitu kisichohitaji kufika. Kidole chake kikamfuata. Kikamfuata kweli. Niliona.

Nikamwambia imekaa kinyume, nitaikwangua na kuirudia.

"Haijakaa kinyume. Umeichora kwa upande wa pili."

Kisha alisimulia, uso ukiwa kwenye kioo. Siku tuliyomchukua kwao, lori liliizunguka milima ile kuelekea huku kwetu. Shangazi yake alikuwa amemshika shingo. Alikuwa amemwonya kwamba bibi harusi hageuzi kichwa mpaka Mto Mara uvukwe, la sivyo hatatulia kwa mume. Na kutoka upande ule milima hubadilishana nafasi. Wenye ncha kulia. Mrefu kushoto.

"Umejuaje?" nikamuuliza. Shangazi yule alijisifu mpaka kufa kwake kwamba mtoto wake hakutikisa hata ukope.

"Niligeuka."

"Mama!" Rhobi alishika mdomo. "Na ukatulia?"

"Bado namwangalia, mura huyu."

Mura ni kijana, kwa Kikurya chetu. Hakuwa ameniita hivyo tangu Rhobi azaliwe. Nilitoka nje kuangalia migomba, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jumapili, 23 Juni

Rhobi amerudi Sirari. Wembe nimeurudisha kabatini.

Asubuhi jua hupiga nyuma ya tangi kama zamani, lakini haliingii. Ila kuna mahali kati ya milima miwili ambapo brashi ilipita kwa wepesi, na mwanga hupenya hapo, mwembamba, kama barabara. Nilitaka kupaziba. Nimepaacha.

Baada ya kanisa tuliketi wawili mbele ya kioo. Pampu ilinguruma kidogo. Chai ilipoa. Sikujua kama nimesinzia au la; samaki walikuwa wakipita juu ya nchi ile na hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

Aliweka kiganja kwenye kioo.

"Yule mdogo yuko wapi?"

"Yuko kwenye barabara, kati ya milima."

"Ameangalia nyuma?"

Nilitazama. Samaki aligeuka, akakaa kimya majini.

"Ameangalia," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Sijui kama alimwona. Sikuuliza.