Shukrani Zilizopotea Njia

Morogoro, 9 Juni 1996

Deo mpenzi,

Natumaini baridi ya Norwei haijakugandisha. Huku mvua zimekatika, kabichi za Mgeta zimejaa sokoni, na idara yetu imepata kompyuta! Makala yako ya mpunga wa Dakawa nimeichapa upya, haina hata doa la wino mweupe wa kufutia makosa.

Masharti ya jarida nimeyafuata yote: nakala tatu, mistari iachane, majedwali yakae mwisho. Hawataki wanaoikagua wamjue mwandishi, kwa hiyo jina lako nimelitoa kila ukurasa. Ndipo nikafika kwenye shukrani: "Namshukuru mke wangu mtarajiwa, Jesca, kwa kuchapa makala hii."

Deo! Habari za kuolewa kwangu nazipata kwenye makala ya mpunga? Nilicheka mpaka mkuu wa idara akaja kuchungulia.

Shukrani nazo haziruhusiwi kwa sasa, nimeziondoa. Ila ujue, yule mwenye duka la mitumba Dumila ameshaleta barua ya posa. Mjomba Petro ameipenda. Nimemwomba asimjibu mpaka tuvune maharage.

Basi pokea uamuzi wangu, kama wa mhariri: ombi lako limekubaliwa, lakini lina marekebisho. Umelipeleka kusikohusika. Liandike upya kwa mkono wako, kaka yako Victor awe mshenga, alipandishe Mgeta kwa Mjomba. Na safari hii jina lako liandike kwa herufi kubwa, maana huyu anayekagua anataka kumjua mwandishi.

Mtarajiwa wako,
Jesca