Mguu wa Mbwa wa Haji

Paje, Jumatano, Agosti 1955

Nilimwambia, tena si mara moja. Mbwa wa miezi mitano mifupa yake bado laini. Aachwe acheze mwenyewe mchangani, akichoka alale. Leo shemegi yangu Haji amemfunga kamba nyuma ya baiskeli, akamkimbiza mpaka Jambiani kwenye njia ya mawe. Ati anamkomaza kwa msako wa nguruwe, Jumapili.

Nimewakuta wakirudi. Mbwa anachechemea, mguu wa mbele hautaki kugusa chini.

"Nguruwe hatomngoja akue, mwalimu," Haji akanambia. "Na muhogo unaoliwa ni wako!"

Ni kweli, ni wangu. Jana nguruwe wamefukua mistari mitatu. Lakini nimechoka kueleza. Nikampakata mbwa juu ya kanzu yangu, nikaja naye nyumbani kwa miguu, ananilamba shingo njia nzima.

Mke wangu, Bi Mize, alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo ndiye msasi wenu? Anabebwa kama bibi harusi!"

Mate ya mbwa ni najisi; nimeosha kanzu mara saba, moja kwa udongo, na shingo vivyo hivyo. Maji ya kisima nimeyavuta mwenyewe. Mabega yananiuma. Magharibi mbwa alijaribu kukanyaga, akauinua tena ule mguu. Naogopa huenda...

Baada ya Isha Haji alikuja kumdai mbwa wake. Nimemkatalia. Waache nguruwe wale. Muhogo nitachomeka kijiti kingine, utaota. Mguu hauchomekwi.