Jina Lako Lilisomwa Uwanjani

Mama Siwema,

Umekufa. Homa siku tatu, siku ya nne asubuhi ukakata roho. Tumekuzika Magamba kwa mama yako, kama alivyotaka. Nimeanza na hilo kwa sababu watu wanakuja hapa wanasema umepumzika, umelala. Mimi nilishika miguu yako ikiwa ya baridi. Hukulala.

Siandikagi barua, unajua. Darasa la nne langu unalijua. Hata za kwa kaka ulikuwaga unaniandikia wewe. Karatasi hii nimechana kwenye daftari la Siwema. Lakini nina jambo limenikaa na situlii. Nikikaa nasimama. Nikisimama sijui naenda wapi.

Ni hiyo medali.

Ulipochaguliwa kombaini ya wilaya, mpira wa pete, mwende mkacheze Sumbawanga, uliimba siku nzima huku unapepeta mchele. Mimi nikanuna. Jina lako likaandikwa la kwanza kwenye orodha, GS, mfungaji. Wiki mbili kabla ya safari ukafa.

Siku ya kugawa vitu vyako mama yako alikaa kwenye mkeka akagawa. Kitenge cha kijani kwa dada yako wa Usevya. Masufuria yakabaki kwa Siwema. Raba zako za kuchezea hakuna aliyezitaka. Wanawake waliziangalia wakaangaliana, mguu wako mkubwa, unajua mwenyewe. Skola akasema, "Mama, nipeni mimi." Skola wako huyo, wa timu ya mtaani, kila mechi yuko benchi anasubiri uchoke, na wewe huchoki. Mwalimu Yusta, kocha wenu, akamchukua kombaini, acheze nafasi yako. Akaenda Sumbawanga na raba zako, kasokota magazeti mbele kwenye vidole.

Wameshinda, mke wangu. Mabingwa wa mkoa. Lori lao lilivyorudi wote vumbi mpaka kope, sauti zimekauka, bado wanaimba. Nilikuwa stesheni tunapakia mahindi. Nilisikia. Nikageuzia uso kwenye behewa nikaendelea.

Sasa medali zikaja kwa ile orodha ya zamani. Watu kumi, medali kumi. Wewe umo, Skola hayumo. Mwalimu Yusta akaja hapa nyumbani kabla ya sherehe. Akasema, "Baba Siwema, jina la marehemu likisomwa, Skola atatoka apokee. Ndiye aliyekimbia. Unasemaje?" Nikasema sawa. Na nilimaanisha.

Sherehe ikawa pale uwanja wa shule, na spika. Mimi nyuma, Siwema kanishika mkono. Wanasoma jina, mtu anatoka, anavalishwa. Alafu likasomwa: Paskalina Kalunde.

Mimi sijawahi kulisikia jina lako kwenye spika. Huku kila mtu mama Siwema, mama Siwema, hata mimi. Likatoka kubwa, likagonga ukuta wa madarasa, likarudi.  Nikaona kama wanakuita na hakuna wa kuitika. Miguu ikaondoka yenyewe. Skola alishatoka kwenye mstari hatua mbili, tatu. Akaniona nakuja. Akarudi kinyumenyume mpaka mahali pake.

Mgeni rasmi akaniangalia, mwanaume wa kaptula ya kazi katikati ya wanawake wa sketi. Akanivalisha hivyohivyo. Utepe ukakwama masikioni, watu wakacheka kidogo, alafu wakapiga makofi. Na Skola akapiga. Hayo makofi yake ndiyo yananitafuna.

Kazini ndiyo usiseme. Masanja, yule ninayebeba naye, kaniona tu: "Mchezaji! GS! Sketi umeiacha wapi?" Siku ya kwanza nilicheka na makuli wenzangu. Siku ya pili nikabeba gunia langu nikapita. Ya tatu akasema, "Mwenzenu mkewe kaanguka, Skola kakimbia, medali kavaa yeye. Na mimi nitafutieni timu ya hivyo." Nikamtupia gunia. Sisemi pembeni yake, nimemtupia yeye. Likapasuka, mchele wa watu wa Usevya ukamwagika relini. Nyapara akanifukuza siku saba. Masanja hakuumia sana, mgongo tu, nimeshamwomba radhi. Angekuwa amesema uongo nisingemtupia.

Miaka sita umecheza, sikuja hata mara moja. Nilikuwa nasema nimechoka na magunia. Siyo kuchoka. Nilikuwa sitaki kuona watu wanakuangalia miguu. Na lile neno nililokuambia mlangoni, kuhusu sketi.  Ulifunga kamba za raba ukaenda. Unalijua, nalijua, siliandiki kwenye karatasi ya mtoto.

Unakumbuka uliponifundisha hapa uani na mpira wa matambara wa Siwema? Ukasema, "Ukishashika husogei. Unatoa kwa mwenzako." Mimi nikishika naondoka nao. Nakwenda nao mpaka jikoni. Wewe unapiga kelele, "Umetembea! Baba Siwema, umetembea tena! Wewe mtu wa magunia, ukishika kitu lazima ukipeleke stesheni!" Ukacheka mpaka ukakaa kwenye pumba. Na Siwema naye akawa anaimba, umetembea, umetembea.

Basi siku kumi nimetembea na hiyo medali mfukoni. Nimeenda nayo kuni, njia ya Mwese, nikarudi nayo. Siwema anaiomba. Nampa, anaishika kidogo, alafu namnyang'anya. Mtoto ameanza kuniogopa, mama Siwema. Akiona naingiza mkono mfukoni anatoka nje.

Juzi nikaipeleka kwa Skola. Nimemkuta nyuma ya nyumba anasugua sufuria. Hakuinuka. Akasema, "Shemeji, sitaki. Umeniacha katikati ya uwanja watu wote wananiangalia, leo unaniletea huku uani kama unaniletea mboga?"  Akasugua, akasugua. Alafu akasema taratibu, "Nisingekukatalia. Ungesema tu unataka kwenda wewe. Ni mkeo." Nikaondoka nayo tena.

Leo Jumapili, kombaini wamecheza na Magamba. Nimekwenda. Mara ya kwanza, na wewe haupo. Nimekaa mbele kabisa na Siwema. Skola kashika mpira, kasogea hatua moja, filimbi ikalia, na Siwema akaruka: "Umetembea!" Nikacheka kwa sauti. Watu wakageuka. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu ufe.

Na nimeangalia watu, mke wangu. Nimewaangalia kweli, mmoja mmoja, wanaume wa stesheni na wa sokoni. Walikuwa wanaangalia mpira. Miaka sita, wanaangalia mpira.

Wakati wa mapumziko nimeingia uwanjani. Kaptula ileile. Mwalimu Yusta akasema, "Kuna nini tena, baba Siwema?" Hiyo "tena" yake niliisikia. Nikasema kwa nguvu ili wa mbali wasikie, na sauti yangu unaijua, ni ya kupigia kelele lori linarudi nyuma. Nikasema, "Mke wangu amekufa. Aliyekimbia Sumbawanga ni huyu hapa. Siku ile nilichukua kisicho changu, na nilikuwa nimeshakubali kisiwe changu."

Skola alisimama mikono kiunoni, jasho linamtoka. Akaniacha pale nimenyoosha huo utepe.  Nikajua atakataa, na mbele ya watu, na nikaona ni haki yake, nitabeba. Alafu akainamisha kichwa. Nikamvalisha. Haukukwama.

Hakusema asante. Alisema, "Haya toka uwanjani, shemeji, tunacheza."

Mmefunga kumi na nane kwa kumi na moja. Nimeandika mmefunga, niache hivyohivyo.

Siwema amelia njia nzima. Amesema ile ni ya mama yake. Sikumdanganya, nimesema ndiyo, ni ya mama yako. Akauliza kwa nini basi nimempa Skola. Nikamwambia Skola ndiye alikimbia mama aliposhindwa. Hakuridhika. Amekula kidogo, ananinunia sasa hivi hapo mlangoni, kakunja uso kama wewe ukiwa umekasirika. Ya kwake ataikimbilia mwenyewe, nimemwambia. Akanijibu, "Raba sina." Mguu wake umeanza kuwa kama wako.

Raba nitamtafutia. Hiyo ni ahadi. Na Jumapili nitakuwa nampeleka uwanjani mimi mwenyewe, nakaa mbele, na neno lile la mlangoni yeye hatalisikia kwangu mpaka nife. Wewe nililokuambia nisamehe. Ulifunga kamba ukaenda, ulifanya vizuri kwenda.

Baki salama huko Magamba, Paskalina Kalunde. Nitakuja kupalilia kaburi mvua ikianza. Siku zangu saba zimeisha. Kesho narudi kazini.